Mtaro ulioziba mbele ya msikiti: Tutaulizwa nini?

SHUKRANI zote anastahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu Waislamu, leo napenda tuzungumze jambo ambalo pengine mtu ataona si mahali pake katika ukurasa wa mawaidha. Jambo lenyewe ni vikao vya Baraza la Madiwani. Mtu atasema hayo ni ya wanasiasa, sisi tuzungumze swala, saumu na akhera. Namwomba ndugu huyo asubiri kidogo, kwani ni hiyo hiyo akhera iliyonifanya nishike kalamu.

Katika mtaa wetu hapa Dar es Salaam upo msikiti, na mbele ya msikiti huo upo mtaro. Kwa masika mawili mtaro ule ulikuwa umeziba. Siku ya Ijumaa watu walipandisha kanzu na kurukaruka juu ya matofali ili wafike mlangoni bila ya kuchafuka. Usiku mmoja mzee wetu mmoja, mtu wa safu ya kwanza ambaye hakuwa akikosa swala ya Alfajiri, alitumbukia mle gizani akavunjika nyonga. Tangu siku ile hakuswali nasi tena. Aliswali nyumbani kwake, juu ya kiti, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Allah amrehemu.

Baada ya tukio lile, baraza ya msikiti ikawa haina mazungumzo mengine. Halmashauri imetudharau! Ushuru wanakula! Diwani tunamwona wakati wa kura tu! Na mimi ninayeandika nilikuwa miongoni mwao. Katika darsa zangu niliyasema hayo kwa sauti kubwa, na watu wakaitikia.

Siku moja nikamkabili diwani wetu baada ya maziko. Hakukasirika. Aliniambia: "Sheikh, mtaro wenu haumo katika mpango kwa sababu hakuna muhtasari wa mtaa ulioomba. Njoo siku ya Baraza usikilize mwenyewe." Nami nikaenda, nia yangu ikiwa ni kupata ushahidi wa kuwalaumu.

Nilichokiona ndani ya kikao

Nilikaa katika viti vya wananchi. Ndugu msomaji, wengi wetu hatujui kwamba mkutano wa Baraza uko wazi. Mwananchi ana haki ya kuingia na kusikiliza, ingawa hana haki ya kusema. Meya akaingia na joho lake, dua ikasomwa, akidi ikatazamwa. Ukafuata muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo, kisha taarifa za kamati moja baada ya nyingine: fedha, mipango miji na mazingira, elimu na afya. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa Baraza, alikuwa na kabrasha nene, na kila diwani alikuwa na lake.

Kwa mtu aliyezoea hotuba kali, kikao kile kinachosha. Ukurasa huu, aya ile, kosa la tarakimu, "Mheshimiwa Mwenyekiti naomba mwongozo". Baadhi ya waheshimiwa walikuwa wakisinzia. Hata hivyo, katika uchovu ule ndimo mlimopita mambo ya maisha ya watu. Kwa dakika chache tu ilipitishwa mitaro ya kata ya jirani. Mtu aliyeipitia taarifa ile haraka asingejua kwamba mistari ile miwili ina maana kuwa wazee wa kule watakwenda Alfajiri kwa usalama.

Kwa nini wao na si sisi? Nilifuatilia. Wenzetu walikutana katika mkutano wa mtaa, wakasema mtaro wetu ni huu, ukaandikwa katika muhtasari. Muhtasari ukaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kata ikaupeleka Halmashauri kabla ya bajeti kufungwa. Wataalamu wakaenda kupima, kamati ikajadili, Baraza likapitisha. Hapakuwa na muujiza wowote.

Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa wetu nikaomba kuona daftari la mahudhurio la mkutano ule wa kupanga vipaumbele. Mkutano ulifanyika Jumapili asubuhi. Katika watu wa msikiti wetu, ambao Ijumaa hujaza mpaka barabarani, nilihesabu majina manne. Jina langu halikuwemo. Jumapili ile nilikuwa nyumbani. Tangazo niliisikia, nikasema: hayo ni mambo ya siasa.

Amana ya aliyekaa mbele

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Wanazuoni wamesema aya hii inawahusu kwanza wenye madaraka. Na katika hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Basi diwani ni mchunga. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya mwaka 1982, imempa yeye na wenzake kazi ya kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo na kuwasimamia watendaji. Diwani anayeinua mkono kupitisha kabrasha ambalo hakulisoma, huyo ameishika amana kwa mkono mmoja. Sheria hiyo hiyo inamtaka mjumbe mwenye maslahi ya fedha katika jambo linalojadiliwa aseme wazi na asishiriki kuliamua. Muislamu haihitaji sheria imwambie hivyo, lakini ni vema ajue kwamba hapa sheria ya nchi na dini yake zimekwenda njia moja.

Tukumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa pia na Bukhari na Muslim. Mtume (SAW) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (SAW) alipanda mimbari na kuuliza mbele ya watu: lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hizo? Hebu kila mkusanya ushuru wa soko, kila mkaguzi wa afya, kila ofisa ardhi na kila diwani ajiulize swali hilo. Yule mwenye kiwanja aliyekuletea mbuzi wa Idd, angekuletea kama ungekuwa huna muhuri?

Na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (RA) kwamba alihofia kuulizwa na Mola wake lau nyumbu angejikwaa katika ardhi ya Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Yeye alikuwa Madina, na anayemhofia ni mnyama. Sisi aliyejikwaa ni mzee wetu, na ni hatua chache kutoka mlango wa msikiti!

Amana ya aliyekaa nyuma

Lakini ndugu zangu, tukiishia hapo tutakuwa tumejidanganya. Hadithi ile imesema kila mmoja wetu, haikusema viongozi peke yao.

Mtaro ule ulipokuja kuzibuliwa nilisimama pale nikaangalia kilichotolewa. Zilitoka chupa za plastiki, maganda ya madafu, nepi za watoto, kifusi cha nyumba iliyojengwa jirani. Na pembeni kulikuwa na bomba linalomwaga maji ya udhu ya msikiti wetu, lililounganishwa bila ya kumuuliza mtu. Nani alitupa vile vitu? Si Mkurugenzi. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Itakuwaje kwa mwenye kukiweka? Na ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Kanuni hiyo kubwa ya fiqhi inamgusa aliyejenga ukuta juu ya njia ya maji kama inavyomgusa aliyempa kibali.

Vilevile rushwa haitembei kwa mguu mmoja. Laana ya Mtume (SAW) imemshukia mtoaji na mpokeaji. Mfanyabiashara anayempa mgambo "kitu kidogo" ili aendelee kuziba njia ya waendao kwa miguu, kisha jioni analalamika kuwa Halmashauri imeoza, anajilalamikia mwenyewe. Suratul-Baqara aya ya 188 imekataza kuliana mali kwa batili na kuzipeleka kwa wenye mamlaka ili tupate sehemu ya mali za watu kwa dhambi. Tuisome tena tukiwa na leseni zetu mkononi.

Kisha kuna ulimi. Tunasema "wanakula" bila ya ushahidi, na Suratul-Hujurat imetukataza dhana na imetuamrisha kuhakikisha habari. Mwenye kutaka kusema, njia ya ushahidi ipo. Mapato na matumizi ya mtaa yana haki ya kusomwa mbele ya wakazi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka na zinazigusa halmashauri. Aliyesoma na akauliza ametoa nasaha. Aliyekaa barazani akatukana amekula nyama ya nduguye bure, na mtaro umebaki vile vile.

Tusiseme mambo haya ni madogo

Wapo wanaosema halmashauri haina maana yoyote. Historia ya mji huu inatufundisha vingine. Katika miaka ya 1970 Serikali ilizifuta halmashauri za miji. Huduma zikadorora, na mwaka 1978 zikarudishwa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na kuwekwa Tume, na mwaka 2000 zikaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na Jiji. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Majina yamebadilika mara nyingi, lakini takataka, masoko, makaburi, zahanati na mitaro vimebaki pale pale vikimsubiri mtu wa kuvisimamia.

Wazee wetu hawakuyadharau haya. Marehemu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Kazi ile ya kizimba na ushuru ndiyo iliyomweka karibu na watu.

Kuna na jambo la mikopo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha kutokana na kasoro zilizobainika, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni akina mama wangapi wa madrasa zetu, wanaoogopa riba kwa haki kabisa, ambao hawajawahi kuambiwa mlango huu upo? Nani alipaswa kuwaambia kama si sisi tunaoshika vipaza sauti?

Tufanye nini?

Allah amewasifu waumini katika Suratush-Shura, aya ya 38, kwamba mambo yao ni kwa kushauriana baina yao, na sifa hiyo ameitaja baada ya kusimamisha swala. Mashauriano hayafanyiki kwa mtu kubaki nyumbani.

Kwanza, mkutano wa mtaa unapotangazwa, maimamu wautangaze baada ya swala, bila ya kumpigia debe mtu wala chama. Pili, tunapohudhuria tuhakikishe hoja yetu imeandikwa katika muhtasari, maana lisiloandikwa halifiki katani. Tatu, tujue msimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla; anayekuja Mei na ombi lake amekuta chungu kimekwisha kuteremshwa. Nne, kila msikiti uteue watu wawili wa kufuatilia, nao wawe wakweli, wapole na wenye kurejesha habari. Tano, tuanze na bomba letu wenyewe kabla ya kumnyooshea kidole jirani.

Nasi tulifanya hivyo. Mkutano uliofuata tulikwenda zaidi ya 60, wake kwa waume. Mtaro wetu haukuingia mwaka ule. Uliingia mwaka uliofuata, na mpaka sasa umejengwa nusu. Nusu iliyobaki tunaifuatilia. Bomba la udhu tulilikata na kuchimba shimo letu.

Hata hivyo, mzee wetu hakuyaona hayo. Kila nikipita pale Alfajiri nakumbuka kwamba Jumapili ile mkutano ulipofanyika nilikuwa nimekaa nyumbani na chai yangu. Nikiulizwa kesho mbele ya Mola wangu kuhusu mtaro ule, sitaweza kusema kuwa Halmashauri haikuniita. Iliniita, sikwenda.

Ndugu msomaji, mkutano wa mtaa wako ni lini?

Ewe Mola wetu, wape wenye madaraka juu yetu hofu ya kukuhofu Wewe, na utupe sisi ujasiri wa kusimama na haki na uaminifu wa kuitekeleza sehemu yetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.