Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone hawakuwa na maana ya kila mgeni. Mwishoni mwa karne ya 19, Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la Wajerumani, alifika Unyakyusa. Akawapima watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa vichwa na viungo, na mwaka 1902 vipimo vile vikachapishwa. Si mtu wa kubeza: baadaye aliongoza taasisi ya magonjwa ya kitropiki mjini Hamburg, na sifa yake kubwa ilikuwa elimu ya minyoo. Ila aliyepimwa kichwa hakupata nafuu kwa kupimwa.

Wenyeji walianzia kwingine. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba ugonjwa ulipoingia nyumbani ilitafutwa hasira: nani kamnunia nani? Tambiko halikushika mpaka mwenye kinyongo aseme lililo moyoni. Cheka ukitaka, lakini mgonjwa aliulizwa, na ndugu zake wakaketi kujibu. Sisemi kila cha wazee kilikuwa dawa. Mwavi, sumu aliyonyweshwa mshukiwa wa uchawi, haukumponya mtu.

Ugonjwa wa usubi, kwa mfano, haujali vinyongo. Nzi wake huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na mito ya Rungwe, huko huko Unyakyusa, Kiwira ukiwamo, huporomoka toka milimani. Minyoo yake hukaa mwilini miaka zaidi ya 10. Ngozi huwasha hadi usingizi ukakimbia, macho nayo huweza kupofuka. Dawa yake, ivermektini, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, lakini huua vitoto vya minyoo, wazazi wakabaki. Basi humezwa kila mwaka, hata na asiyejisikia kuumwa.

Mgeni mwenye koti jeupe atamshawishije mtu mzima jambo hilo, mwaka baada ya mwaka? Kazi ikakabidhiwa vijiji. Wanakijiji humchagua mgawa dawa miongoni mwao, jirani anayejua nani ni mjamzito asipewe, na mzee yupi yu hoi kitandani. Mizani hana. Ana fimbo ya kupimia kimo, yenye alama: kuanzia sentimita 90 kidonge kimoja, 159 na zaidi vidonge vinne.

Mtoto asiyefikia alama ya kwanza husimama kwa ncha za vidole, naye apewe kama kaka zake.

“Visigino chini, mwanangu. Mwakani.”