Kabla ya Kumulika Tochi

Wajukuu zangu, video yenu imenifikia huku Dodoma. Nimewaona huko Marekani mkizunguka na tochi za simu kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili iliyohamwa, mmoja kajilaza kwenye kitanda chenye mikanda ya ngozi, mwingine anarekodi huku anacheka kwamba humo waliteswa mazombi. Hayo ya mazombi ndiyo yaliyoniudhi kuliko kule kuruka uzio.

Mimi nimekuwa muuguzi wa wodi za namna hiyo mpaka nikastaafu, na mkanda naujua. Mara nyingi ulifungwa kwa sababu wauguzi ni wachache, wagonjwa wamejaa, na dawa hakuna. Kabla ya dawa ya klopromazini kuanza kutumika miaka ya 1950, madaktari walikuwa wakipapasa gizani. Moniz wa Ureno alianza upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo mwaka 1935, na 1949 akatunukiwa Nobel! Huko Roma mwaka 1938, Cerletti na Bini walimpitishia mgonjwa umeme kichwani kwa mara ya kwanza. Mashine ya shoti mkiikuta imeota kutu mnaiona ni ya mateso tu. Ni kweli ilitumiwa vibaya, na wapo waliopigwa shoti ili wanyamaze. Lakini tiba yenyewe ingalipo. Siku hizi mgonjwa huchomwa kwanza sindano ya usingizi na ya kulegeza misuli, na wapo walioinuka kutoka kwenye sonona iliyokuwa imeshinda vidonge vyote.

Kwa kuwa mnaishi Jimbo la New York, someni habari za Willard, kando ya Ziwa Seneca. Hospitali hiyo ilifunguliwa 1869. Ilipokuwa inafungwa mwaka 1995, darini yalikutwa masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa: nguo, picha, barua. Mtu alifika na sanduku lake, likaandikwa na kuwekwa juu, naye asilione tena. Wengi walizikwa hapo hapo, makaburi zaidi ya 5,000 yaliyowekewa namba bila majina. Wafanyakazi waliofungua mlango wa dari wangeweza kuyatupa masanduku hayo jalalani, lakini wakaita watu wa makumbusho. Leo yamehifadhiwa Makumbusho ya Jimbo huko Albany. Hao ndio ninaotaka muwaige.

Basi, mkikuta faili au kadi ya mgonjwa sakafuni, msiirekodi wala msiibebe. Lile ni jina la mtu, na huenda watoto wake wako hai na hawajawahi kumwambia yeyote. Nanyi mnajua kwetu lilivyo jambo hilo: hadi leo mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia apelekwe Mirembe, ilhali Mirembe, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, ni hospitali kama nyingine na watu wanatibiwa wakarudi nyumbani.

Halafu kuna mapafu yenu. Majengo yale yana asbesto kwenye mabomba na rangi yenye madini ya risasi kutani. Vumbi la asbesto hukaa kifuani miaka ishirini na zaidi kabla ya kuonyesha ubaya wake. Sakafu za mbao zimeoza. Na mmoja wenu bado anasubiri makaratasi. Akikamatwa kwa kuingia bila ruhusa, ofisa wa uhamiaji hatamuuliza kama alikuwa anatengeneza video nzuri.

Sisemi msiende. Kule Weston, West Virginia, kuna jengo lililokusudiwa wagonjwa 250, na miaka ya 1950 likawa na watu 2,400. Lilifungwa 1994, na sasa mtu hulipa kiingilio akatembezwa. Wanauza pia ziara za usiku za kutafuta mizimu. Hizo waachieni wenyewe. Chukueni ya mchana, ya historia, na mkimpata mwongozaji muulizeni hao 2,400 walikuwa wakilala wapi.