Lebo ya Nani?

Ukimpelekea fundi wa Gikomba shati la mtumba apunguze mikono, lebo ya kwenye kola inabaki ile ile. Likichanika, unajua wa kumuuliza. Programu huria ni ngumu kidogo.

Mtu anaandika programu, mara nyingi usiku, bila malipo, na leseni yake inaruhusu yeyote kuibadilisha. Lakini ili uipate kwenye laptop yako ya Debian kwa amri moja tu, kuna mtu wa kati, mfungashaji. Anaiweka sawa iendane na mfumo, anaziba matundu, anapokea malalamiko. Wengi wao pia hawalipwi. Ni msaada, tena mkubwa. Swali ni: anayekusaidia kubeba mzigo anaruhusiwa kuufungua?

Mwaka 2006 mfungashaji wa OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mtandao, aliona chombo cha ukaguzi kikilalamikia mistari miwili ya msimbo. Akaiondoa. Kumbe hapo ndipo bahati nasibu ilipokuwa inaingia. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, kompyuta ya Debian ikabaki na uwezekano wa funguo 32,767 tu, idadi ambayo mshambuliaji anaijaribu yote bila jasho. Ubuntu (ndiyo, ule utu wetu) hurithi kutoka Debian, ikarithi na hilo. Ilitangazwa Mei 2008.

Rahisi kusema angeuliza kwanza. Shida ni kwamba aliuliza. Aliwaandikia watu wa OpenSSL, na mmoja akamjibu kwamba kama inasaidia kutafuta hitilafu, sawa. Muulizaji hakueleza wazi kwamba badiliko litaenda kwa kila mtu. Mjibuji naye hakuuliza.

Wengi watasema mwandishi hadaiwi kitu, si alitoa bure? Nakubali hadaiwi kazi. Ila akishafungua mdomo kujibu, anadaiwa jibu la kweli, hata kama ni "sijui". Na mfungashaji anadaiwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayejua shati linakwenda kuvaliwa na nani. Amrudishie mwenyewe kitambaa alichokata, akikague.

Msimbo ulirekebishwa haraka. Funguo hazikurekebishika. Kila ufunguo uliotengenezwa kwa OpenSSL kwenye mashine hizo kwa karibu miaka miwili ilibidi utupwe, utengenezwe upya, hata kama ulikuwa umeshahamishiwa kwenye kompyuta isiyo na Debian.