MGENI NI NANI?

Kijana, hebu simama kidogo! Karatasi hii haitakula muda wako. Ni dakika tano tu, na dakika tano jana usiku ulizipoteza bila hata kuziona zikipita.

Ni saa nane ya usiku. Nyumbani wote wamelala, wewe uko macho. Mwanga wa kioo unakupiga usoni. Mbele yako kuna sayari inayokaliwa na viumbe. Si watu kama sisi. Wana macho sita, wana miji inayong'aa, wana mfalme wao na lugha yao. Vyombo vyako vya vita vimeizunguka sayari yao pande zote. Unabonyeza kitufe. Mabilioni wamekwisha! Unapiga miayo, unazima, unakwenda zako kulala, na usingizi unakuja mtamu kabisa.

Nakuuliza: UMETENDA KOSA?

Labda unacheka. Unasema, "Kwani nani kafa? Si gemu tu hilo?" Umesema kweli. Hakuna aliyekufa. Mzee anayecheza bao barazani na kula kete zote za mwenzake, nani atamwita mwizi? Mchezo una sheria zake, na kete ni kete. Wako watu wazima watakaokupigia kelele kwamba kila mchezo wa kompyuta ni uovu mtupu. Karatasi hii haisemi hivyo.

Lakini usikimbie! Swali bado lipo. Katika usiku ule mzima kulikuwa na vitu vya kubuni, na kulikuwa na vitu vya kweli. Je, unaweza kuvitenganisha?

MANENO MANNE

Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa kompyuta unaoitwa Master of Orion. Ndani yake unatawala taifa moja kati ya mataifa kumi ya angani. Wako Psilon, wenye akili nyingi za utafiti. Wako Bulrathi, wanaofanana na dubu, wakali vitani. Wako Darlok, majasusi wanaojigeuza sura. Mwandishi mmoja wa magazeti ya michezo huko Marekani, Alan Emrich, alipoueleza mchezo ule mwaka huohuo, alitumia maneno manne: chunguza, tanuka, nyonya, angamiza. Maneno yale yakashika. Hata leo michezo ya namna hiyo inaitwa kwa jina lililotokana na hayo manne.

Yasome tena polepole. Chunguza. Tanuka. Nyonya. Angamiza. Ndiyo mambo unayomfanyia mgeni uliyemkuta nyota ya mbali.

Sasa sikia ajabu yake. Katika mchezo uleule kuna njia nyingine ya kushinda. Mataifa hukutana barazani, wanapiga kura, na anayepata theluthi mbili anakuwa mtawala wa wote. Unaweza kushinda kwa kupatana na watu! Na katika Stellaris, mchezo uliotoka Sweden mwaka 2016, kabla hujaanza unaulizwa taifa lako litakuwa la namna gani: linalopenda wageni au linalowachukia, la amani au la vita. Unaweza kuwapokea wakakaa kwako. Unaweza kuwafanya watumwa. Unaweza kuwafuta wasibaki hata mmoja.

Kwa hiyo usiseme, "Mchezo ndio uliniagiza." Mchezo ulikuuliza tu. Aliyejibu ni wewe.

Tena hapa lugha yetu ina neno zito. Kiumbe wa sayari nyingine tunamwitaje? MGENI. Na shangazi aliyeshuka kwenye basi jioni, na mkoba wake mkononi, tunamwitaje? Mgeni, neno lilelile! Wazee wetu hawakusema mgeni ni wa kuchunguzwa na kunyonywa. Walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, huyu nisiyemjua anaweza kuwa ameniletea dawa ya ugonjwa wangu mwenyewe.

Wale wa nyota za mbali ni wa kubuni, na hesabu yao ndogo. Lakini yuko mgeni wa pili.

MGENI WA PILI: ALIYE NYUMA YA KIOO

Siku hizi huchezi peke yako. Unajiunga kwa intaneti, na yule kiumbe wa macho sita unayepigana naye huenda anaongozwa na kijana kama wewe, aliye mji mwingine, naye amekesha. Hujui sura yake. Hujui leo amekula nini, au hajala.

Wengi husema, "Marafiki wa intaneti si marafiki." Ngoja nikupe habari ya kweli.

Huko Norway aliishi kijana aitwaye Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Akaingia kwenye kiti cha magurudumu. Mwishowe alibaki na nguvu kidogo za vidole tu. Kwa miaka mingi alikuwa akicheza mchezo wa World of Warcraft katika chumba chake, chini ya nyumba ya wazazi, mjini Oslo. Humo ndani aliitwa Ibelin, mwanamume shupavu, mwenye mwili imara. Wazazi wake walimhurumia sana. Walidhani mtoto wao anaishi na kufa bila rafiki.

Akafa Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Wazazi wakaandika habari ya kifo chake kwenye intaneti, wakaacha anwani. Loo! Barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Mmoja anasema, alinisikiliza nilipokuwa na huzuni. Mwingine anasema, alinisaidia. Mama mmoja alikuwa akihangaika na mwanawe, hawawezi kuwa karibu. Mats aliwashauri wakutane humohumo mchezoni, na mlango ukaanza kufunguka kati ya mama na mtoto. Baadhi ya wale marafiki walisafiri kutoka nchi za nje kuja kumzika mtu ambaye macho yao hayajawahi kumwona. Mwaka 2024 ikatoka hata filamu juu ya maisha yake.

Jiulize: Watu wale walimlilia nani? Upanga wa Ibelin ulikuwa wa kubuni. Mwili wa Ibelin ulikuwa wa kubuni. Masikio yaliyowasikiliza yalikuwa ya kweli! Wema ule ulikuwa wa kweli. Ulipita kwenye waya, ukafika ukiwa wema.

Umefurahi? Unasema, "Naam, kawaambie wazazi wangu hayo!" Vizuri. Sasa kaa kitako, maana upanga huu unakata kuwili.

Kama wema unapita kwenye waya ukafika ukiwa wema, basi na tusi nalo linapita. Huwezi kusema urafiki wako wa mchezoni ni wa kweli, halafu ukimtukana mtu mama yake unasema, "Aa, ni gemu tu." Chagua moja! Ama yote ni ya kubuni, na huna rafiki hata mmoja kule. Ama yote ni ya kweli, na wapo watu uliowaumiza. Yule mgeni uliyemcheka kwa sababu anacheza vibaya. Yule binti aliyefungua kinywa tu, mkasikia sauti ya kike, mkamsema hadi akaondoka. Yule uliyemwambia afadhali afe. Kumbuka: hakuna aliyejua kwamba vidole vya Ibelin vilikuwa vya mgonjwa, mpaka alipojifunua mwenyewe. Na wewe hujui vidole vya huyo uliyemtukana jana ni vya nani.

Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mfupa.

MGENI WA TATU: NI NANI HUYU?

Huyu ndiye anayeumiza zaidi. Mgeni wa tatu yuko nyumbani kwenu.

Agosti 2005, katika mji wa Daegu huko Korea Kusini, mwanamume wa miaka 28 aliingia kwenye ukumbi wa kompyuta akaanza kucheza StarCraft, mchezo wa vita kati ya wanadamu na mataifa mawili ya angani. Alicheza karibu saa 50, akipumzika kidogo sana. Moyo ukashindwa. Akafa. Katika mchezo ule jeshi likikwisha unaanza upya. Moyo ule haukuanza upya.

Usimhukumu marehemu. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema wanaofikia hali ya ugonjwa ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Lakini halikupuuza. Mwaka 2019 uliidhinishwa orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kucheza michezo ya kompyuta. Dalili zake ni tatu, na kwa kawaida huonekana kwa muda wa miezi 12. Jipime mwenyewe, hakuna anayekutazama:

Je, unapotaka kuacha, unaweza?
Je, mchezo umepanda juu ya masomo, kazi, chakula na watu wako?
Je, unaona kabisa unakuharibia, na bado unaendelea?

Labda unauliza, "Mbona Mats naye alicheza maelfu ya saa?" Swali zuri! Basi saa peke yake si kipimo. Mats, mwili wake ulikuwa umemfungia milango mingi, na mchezo ukawa MLANGO wa kuwaendea watu. Kwa mwingine, ambaye milango yote ya nyumbani iko wazi, mchezo huohuo unakuwa UKUTA wa kuwakimbia watu. Kipimo ni hicho. Usihesabu saa tu. Uliza: zinanipeleka kwa watu, au zinanificha wasinione?

Mama yako anagonga mlango: "Njoo ule." Unajibu, "Nakuja," na huji. Mdogo wako anasimama karibu na kiti chako ana neno la kukwambia. Anangoja, anachoka, anaondoka nalo. Baba amerudi kazini, hujui leo alikuwa na siku gani, lakini unajua idadi ya meli za vita za adui yako katika kila nyota. Kijana! Unajua habari za sayari mia, na chumba cha pili hukijui. Umekuwa mgeni katika nyumba uliyozaliwa. MGENI WA TATU NI WEWE.

FANYA HIVI LEO

Hujaambiwa uvunje kompyuta. Hujaambiwa ufute kila kitu. Umeambiwa ugeuke, na kugeuka kunaanza na hatua moja.

Usiku wa leo, kabla hujaanza, chagua saa ya kumaliza, umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Aijue, akuulize.

Kisha mtafute yule mtu mmoja uliyemtukana. Unamjua, jina lake limeshakuja kichwani sasa hivi unaposoma. Mwandikie neno moja tu: Nisamehe. Asipojibu, umeshalisema. Na katika kikundi chenu akiingia mgeni asiyejua kucheza, wewe uwe wa kwanza kumfundisha.

Mwisho, ukizima, usiende kulala moja kwa moja. Nenda chumba cha pili. Kama bado wako macho, kaa nao. Uliza, "Leo ilikuwaje?" Halafu nyamaza, usikilize jibu mpaka mwisho, kama alivyosikiliza yule kijana wa Oslo ambaye hata kunyanyua mkono hakuweza.

Usiseme kesho. Kesho umeisema mara ngapi?

Mlango bado uko wazi, na chakula chako kimefunikwa mezani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!