Dua ya Mgeni Wakati wa Masika

Masika ya Unguja na Pemba huanza Machi na kwisha Mei, na Aprili ndio mwezi wake hasa. Mkoani Katavi mambo ni mengine: msimu wa mvua ni mmoja, huanza kuelekea Novemba na kukatika Aprili ikimalizika. Kwa hiyo anayetoka kata ya Makanyagio, mjini Mpanda, mwishoni mwa Aprili kwenda Unguja, iwe kwa msiba, harusi, biashara au kumtazama mtoto anayesoma huko, anatoka kwenye dua ya aina moja na kuingia kwenye dua ya aina nyingine. Nyumbani mahindi yamekomaa na watu wanataka jua, maana mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai yakinyeshewa siku mbili tatu huota ukungu. Kisiwani mpunga ungali mchanga na mabonde yanangoja maji. Treni ya Mpanda hadi Tabora, reli ya kati hadi Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi: safari yote hiyo hubadilisha mahali alipo mtu kabla haijabadilisha anachokiomba.

Je, mgeni ana haki ya kumwomba Mungu akatishe mvua ambayo mwenyeji wake ameiomba? Wafanyabiashara wa utalii hawana haja na swali hili. Kwao Aprili na Mei ni miezi ya kushusha bei ya vyumba, na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga milango kabisa. Lakini kwa mtu wa dini swali ni zito. Waumini wawili, kila mmoja mkweli, wanamwomba Mungu mmoja mambo yanayopingana, juu ya paa moja. Katika ngano za Aesop yumo baba aliyeoza binti mmoja kwa mkulima wa bustani na mwingine kwa mfinyanzi. Wa kwanza alitaka mvua, wa pili jua la kukaushia vyungu, na mzee hakujua amwombee nani. Ngano hiyo inaishia kwenye mkanganyiko. Dini zimejaribu kwenda mbele zaidi.

Kwa Waislamu msingi wa jibu ni kisa alichosimulia Anas bin Malik, kilichomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim. Mtu aliingia msikitini Madina siku ya Ijumaa, Mtume akiwa kwenye hotuba, akalalamika kwamba mifugo inakufa kwa ukame. Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata likaja lalamiko la kinyume: nyumba zinabomoka na njia zimekatika. Hapo Mtume hakuomba mvua ikome. Aliomba ihamie pembezoni mwa mji, vilimani, mabondeni na inakoota miti. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi Zanzibar na pwani, wana hukumu mbili. Kuomba mvua kuna swala yake maalumu ya rakaa mbili. Kuomba iondoke hakuna swala, ni dua tu. Na dua hiyo ni ya watu waliodhurika. Mgeni aliyeharibikiwa na matembezi hajadhurika kwa maana hiyo, na ni vigumu kuona atasimama wapi kuomba mvua iwapite wenye mpunga.

Anachopewa mgeni ni kitu kingine, na hapa sheria ina mengi ya kusema. Msafiri huruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, na Ijumaa haimlazimu. Mvua nayo ina ruhusa yake, hata kwa asiye msafiri. Kwa Mashafii, wanaoswali jamaa msikitini na ambao wangelowana njiani wanaweza kuivuta Alasiri hadi wakati wa Adhuhuri, au Isha hadi wakati wa Magharibi. Masharti yake ni ya karibu sana na bati la msikiti: imamu anapotoa salamu ya Magharibi maji lazima yawe bado yananyesha, na swala ya pili inakimiwa bila kukawia. Mvua ikikatika kabla ya salamu, ruhusa imeondoka nayo, na watu watarudi tena Isha ikiadhiniwa, ingawa matope ya njiani ni yaleyale. Wahanafi ni wakali zaidi; kwao kukusanya swala ni kwa mahujaji tu, Arafa na Muzdalifa. Lakini hata matope yana wa kuyatetea. Ibn Abbas, siku ya mvua, alimwagiza mwadhini awatangazie watu waswali majumbani, akaeleza kwamba hakupenda kuwatoa wakanyage tope na utelezi.

Mwelekeo wa sheria hizi ni wazi. Zinampunguzia mtu wajibu wake, mbingu zinaachiwa Mwenyewe.

Wazo kwamba anayefika mahali hukuta pana mwenyewe si geni kwa watu wa Katavi. Jina la mkoa na la hifadhi ya taifa linatokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inasemwa kukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu wameendelea kuweka sadaka chini ya mti huo. Wakristo na Waislamu wa Mpanda hawatakubaliana na imani hiyo. Adabu iliyomo, ya kubisha hodi kabla ya kudai, wataitambua.

Wakatoliki, ambao Mpanda ni makao ya jimbo lao tangu mwaka 2000, wanaye mgeni wa mvua katika Maandiko. Mtume Paulo, katika sura ya 28 ya Matendo ya Mitume, anaokoka merikebu ikivunjika na kufika kisiwa cha Malta. Kunanyesha na kuna baridi, wenyeji wanawasha moto na kuwakaribisha wote. Malta si nchi ya joto kama Pemba, ila hali ni ileile: mgeni ameloa, na mwenyeji hana la kumpa isipokuwa moto na kibaraza. Simulizi halisemi kwamba Paulo aliomba mvua ikome. Linasema alikusanya kuni, akamwombea baba wa mkubwa wa kisiwa aliyekuwa na homa na kuhara damu. Aliomba juu ya mgonjwa, hewa akaiacha ilivyo.

Lipo gumu linalobaki. Mvua hiyohiyo inayoitwa rehema hufurisha vyoo, huingiza uchafu visimani na kuleta kipindupindu, na huua. Uislamu humhesabu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi, na hilo ni faraja kwa wafiwa, ila halielezi kwa nini amekufa yeye na jirani akapona. Kusema kila mafuriko ni adhabu ni kuwaonea waliobomokewa, ambao mara nyingi kosa lao ni kuwa na kiwanja bondeni. Kisa cha Madina kina busara zaidi hapa: madhara yalitajwa waziwazi mbele ya watu, na hakuna aliyeulizwa dhambi zake.

Dhoruba nayo humzuia mgeni kuondoka. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Vitabu vya Kishafii vina hukumu ya mtu kama huyo: anayetarajia kuondoka wakati wowote, kwa mfano anayengoja upepo wa bahari, hupunguza swala hadi siku 18. Kwa mwenyeji hesabu ni fupi zaidi. Hadithi inaweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, mkubwa wa Malta alimkaribisha Paulo siku tatu, na Waswahili humpa mgeni jembe siku hiyohiyo ya tatu. Jembe la Mei kisiwani humpeleka bondeni kwenye mpunga, na hapo mtu wa Makanyagio anakuwa miongoni mwa wanaohitaji mvua. Akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, usafiri wake umekwisha kisheria: anaswali rakaa nne, na Ijumaa inamlazimu. Ruhusa ya kukusanya swala kwa mvua anabaki nayo, kwa kuwa hiyo si ya wasafiri peke yao.