Urithi wa disiki: kuutunza ao kuusikiliza?

Wazee wetu walisema: «Akiba haiozi.» Ndugu wasomaji, nataka tuulize kama iko akiba inayooza juu ya kutunzwa tu. Nitaanzia ku jambo dogo la nyumbani: kununua turnedisiki, ni kusema mashini ya kupigia disiki za zamani, wakati huu ambapo kila mtoto eko na miziki mu telefone.

Katika jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, baba aliyefanya kazi mu mine ao mu reli aliacha katoni ya disiki. Kwetu pia ilikuwako. Ndani mulikuwa disiki ndogo za vinili zinazozunguka mara 45 kwa dakika, kubwa chache za mara 33, na mbili za zamani sana za mara 78, nzito, zinazovunjika sawa sahani. Marehemu baba alikataza tusiziguse. Alipokufa tukaheshimu neno lake, katoni ikakaa juu ya kabati miaka kumi na mbili.

Siku moja mdogo wangu akaleta mtu aliyetaka kuzinunua, kwani disiki za Kongo zinatafutwa Ulaya. Akaniambia: «Yaya, ile bintu inakula paka vumbi. Tuuzishe, batoto balipe masomo.»

Sikumkatalia. Neno lake lilikuwa na haki. Mtoto aliyefukuzwa masomoni juu ya deni hawezi kushibishwa na nyimbo za babu yake. Anayesema kwamba utamaduni unapita mkate wa watoto, mara nyingi ni mtu aliyekwisha kula. Tukafanya mkutano wa jamaa, tukauzisha disiki tano, trimestri moja ikalipwa.

Lakini tulipofungua ile katoni tulikuta disiki tatu zimepindika kwa joto la mabati, na mifuko yake ya karatasi imeliwa na mchwa. Tulikuwa tumetii amri ya baba, na kwa kutii tuliharibu mali yake. Tena jambo lingine linaniuma mpaka leo: zile tano tuliziuzisha bila kuzisikiliza hata mara moja. Hatujui tuliuzisha nini.

Ndiyo maana nilinunua turnedisiki kwa makuta yangu mwenyewe. Ilikwisha kutumika, na fundi alinifundisha mambo matatu. Kwanza, kuangalia sindano mbele ya yote, maana sindano iliyoisha inakwangua disiki. Pili, sindano ya disiki za 33 na 45 haifai kwa zile za 78, kwani mfereji wa 78 ni mpana zaidi. Inaomba sindano yake. Tatu, sauti inayotoka ku sindano ni ndogo sana, inahitaji preampli kabla ya kufika ku bafle.

Hapa likatokea shauri la pili, na hili ni gumu. Kila mara sindano inapopita, inakula mfereji kidogo. Basi ukitunza disiki, joto na vumbi vinaiharibu. Ukiisikiliza, sindano inaimaliza polepole. Njia isiyo na hasara haiko. Kwa hiyo swali si kama disiki itachakaa, bali itachakaa kwa faida ya nani.

Jibu nilipewa na mama. Moja ya zile nzito ilikuwa ya Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wetu wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Ni dakika tatu hivi. Ilipoisha, watoto wakacheka Kiswahili chake. Mama akawanyamazisha, akawaeleza neno kwa neno: hili lilisemwa na nani, hili mtu hakulisema mbele ya bakwe. Kisha akataja waliocheza naye siku zile, na nani alioa nani. Tuliongea mpaka usiku. Hakuna hata moja ya habari hizo iliyoandikwa ndani ya disiki. Disiki inashika sauti, lakini maana iko kwa watu, na watu wanatuaga.

Kijana wangu akasema: «Papa, miziki ya vile iko yote mu telefone.» Si yote, lakini simlaumu, telefone pia ni chombo. Tofauti iko mu namna ya kusikiliza. Wimbo mrefu mu disiki ya 45 ulikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande mmoja, na sebene upande wa pili. Lazima mtu asimame ageuze. Pale katikati watu wanaongea, wanaulizana. Mwenye vifaa masikioni anasikia wimbo wote, lakini hana wa kumuuliza.

Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini jina mu orodha halimfundishi mtoto wa Katuba kitu, kama nyumbani hakuna anayemfungulia katoni.

Tusemeje basi? Sisemi kila mtu anunue turnedisiki. Kwa wengi chumvi ndiyo inatangulia. Inatosha moja kwa jamaa nzima, ao kwa mtaa. Nasema tu: kabla ya kuuzisha, sikiliza. Kabla ya kusikiliza, mwite mzee. Na akiongea, mtoto ashike telefone yake arekodi wimbo pamoja na maelezo, ili disiki ipumzike.

Marehemu baba alikataza tusiguse kwa sababu alipenda. Naamini angekubali tuzichakaze namna hii.