Sheria ya Jikoni

Nyumba yetu ya Katonga ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Wapangaji huchangia umeme, na sharti la mama hujulikana kabla mtu hajalipa kodi: hita, pasi na jiko la umeme marufuku. Wanapika kwa mkaa barazani, na jioni moshi huingia hadi chumba ninamoandikia tasnifu yangu ya uzamili. Tasnifu inahusu nishati safi ya kupikia. Ada yangu inatoka kwenye kodi za vyumba hivyo.

Mwaka jana mpangaji mmoja, mwanamke anayeanika dagaa mwaloni, alirudi na jiko la presha la umeme. Maharage huiva humo kwa umeme usiofika uniti moja. Mama alimzuia mlangoni. Nilipomtetea, aliniambia: "Mwanangu, waya za nyumba hii alizitandaza marehemu baba yako. Ikiungua, hiyo sheria yako itanijengea?"

Nilikosa jibu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Katazo la kuni na mkaa limeanzia kwenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Je, ni haki siku moja sheria ibishe hodi hata majumbani? Wenzangu wengi darasani husema jiko la mtu ni faragha yake. Serikali ielimishe tu.

Ningewakubalia kama jikoni kwetu kungekuwa na uhuru. Lakini kule sheria ipo tayari, nayo ni ya mama. Mpangaji wetu alishaelimika na jiko alishanunua. Alichokosa ni ruhusa.

Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, iliagiza majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge mitambo ya kupasha maji kwa jua. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka mitano. Napenda mambo mawili hapo: amri inaliangukia jengo, si mtu aliyepanga chumba, na inakuja na muda wa kujipanga.

Ila ziwa limenifundisha tahadhari. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nia ilikuwa njema, lakini mwenye akiba na asiye nayo hawakuubeba mzigo sawa. Mpangaji wetu huyo huyo alifika kukopa hadi chumvi. Kadhalika, mama akilazimishwa kubadili waya atapandisha kodi, na aliyevuta moshi ndiye atakayelipa.

Kwa hiyo naamini sheria ya haki humwamuru mwenye uwezo wa kubadilisha, humpa muda, na humzuia asimtwishe gharama yote aliye chini yake. Tatizo ni kwamba mwenye uwezo hapa si mama peke yake. Kodi hizo nimezila mimi pia.

Likizo hii nilimwita fundi apige hesabu ya waya mpya na mita ndogo kwa chumba kile kimoja. Mama aliisoma karatasi polepole, akavua miwani.

"Na ada yako?"

Bado sijamjibu.